Pete ya Bei Ndogo

Tangu gari liondoke Nachingwea, Kulthumu alikuwa akipanga maneno ya kumwambia Ashraf. Aliyapanga, akayapangua, akayapanga upya. Aliposhuka stendi ya Ruangwa, mkoba begani na vumbi jekundu kwenye viatu, hakuwa amebakiwa na hata moja.

Ilikuwa Jumamosi na timu ya Namungo ilikuwa inacheza nyumbani. Vijana wa jezi waliijaza barabara, bodaboda zimefungwa bendera, na redio za madukani zote zilikuwa zinabishana juu ya kikosi kitakachoanza. Kulthumu alijipenyeza katikati yao mpaka kwa mama mmoja aliyekuwa akikaanga mihogo.

"Samahani mama, nasikia kuna sonara maeneo haya."

"Yule aliyetoka Dubai? Mtoto wa Mwamina?"

"Huyohuyo."

Mama yule alimtazama kidoleni kwanza, kisha usoni. "Pita duka la pembejeo, utaona mlango wa bluu. Ila wahi. Leo saa nane anafunga, mpira anaupenda yule."

Kulthumu alijua anaupenda. Alijua pia kwamba anatia sukari vijiko vitatu kwenye chai, kwamba akicheka hufunika mdomo kwa ngumi, na kwamba akikasirika hapandishi sauti, huishusha. Miaka miwili na miezi minne ilikuwa imepita, na hakuna hata kimoja alichokisahau.

Mlango wa bluu ulikuwa wazi. Ndani Ashraf alikuwa ameinamia meza, lenzi imebanwa jichoni, mkono mmoja umeshika moto mwembamba wa gesi na mwingine kibano. Mashavu yalikuwa yamepungua kidogo. Shingo ilikuwa ileile.

"Karibu, keti hapo kwenye benchi," alisema bila kuinua uso. "Namalizia kiungo hiki."

"Hujambo, Ashraf."

Moto ulibaki ukiwaka hewani bila kugusa kitu. Kisha akazungusha kifunguo cha gesi polepole mpaka ukazimika, akatoa lenzi, akamtazama. Macho yake yalitulia usoni mwa Kulthumu muda mrefu kiasi kwamba Kulthumu ndiye aliyeangalia pembeni.

"Kulthumu," alisema.

Zamani alikuwa akimwita Kulu.

"Mama hajambo?" akauliza.

"Hajambo. Kafanyiwa operesheni ya jicho mwezi uliopita. Sasa anaona mpaka chawa wa kuku."

"Alhamdulillahi." Alitabasamu kidogo, tabasamu likaondoka. "Umeleta kitu cha kutengeneza?"

"Hapana. Nimekuja kwako."

Ashraf alichukua kitambaa akaanza kufuta vidole, kimoja kimoja.

Walikutana Nachingwea, kwenye harusi ya rafiki yao, mwaka ambao Kulthumu alianza kufundisha shule ya msingi Mkotokuyana. Ashraf alikuwa amekuja likizo. Alikuwa mtoto wa mchimbaji mdogo wa kijiji cha Namungo, huko Ruangwa, amekua akiona baba yake akichekecha dhahabu kwenye karai, na jamaa mmoja alimpeleka Dubai kwenye karakana ya vito. Huko alijifunza kupachika mawe kwenye pete. Baada ya harusi ile alirudi kazini, na kwa miaka mitatu walipendana kwenye simu. Kila jioni baada ya vipindi, Kulthumu alipanda kwenye kichuguu nyuma ya nyumba za walimu, mahali pekee penye mtandao, akaongea naye kwa video mpaka chaji ikamwishia. Ashraf alipokuja likizo ya pili alikuja na pete.

Kulthumu alipoonyeshwa ile pete alipiga picha tatu. Picha ya kwanza ya pete, ya pili ya mkono wake umeivaa, ya tatu ya kadi ndogo ngumu iliyokuja nayo. Picha ya pete alimtumia mama yake kwa furaha tu. Mama naye akamwonyesha kaka yake, Mjomba Huzaifa.

Katika ukoo wao, kama ilivyo kwa Wamwera wengi, binti huozwa kwa kauli ya mjomba. Na Mjomba Huzaifa hakuwa mjomba wa jina tu. Baba yake Kulthumu alipofariki, yeye ndiye aliyeuza korosho zake misimu minne ili Kulthumu amalize chuo cha ualimu. Akikohoa, nyumba nzima ilinyamaza.

Siku ya posa, Mwamina, mama yake Ashraf, alikuja nyumbani kwa mjomba kutoka Namungo na wanawake sita na masinia matatu yaliyofunikwa. Ashraf alikaa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, kanzu yake nyeupe haina hata mkunjo. Kulthumu alikaa mkekani, karibu na mlango wa ndani. Mjomba Huzaifa aliitoa pete kwenye kisanduku, akaigeuzageuza kwenye mwanga.

"Umeinunua kiasi gani?"

Mwamina alishtuka. Swali la namna ile haliulizwi mbele ya masinia. Lakini Ashraf alijibu bila kusita, tena kwa fahari.

"Milioni moja na laki nane, mjomba. Jiwe nimenunua kwa bei ya jumla, pete nimeitengeneza kwa mikono yangu."

Mjomba alitoa simu mfukoni. "Nina rafiki ana duka la vito Dar es Salaam. Nimemtumia picha. Kasema pete kama hii, ikiwa ya kweli, haishuki milioni nne. Sasa nieleze, bwana mdogo. Almasi inachimbwa Mwadui, hapahapa Tanzania. Itoke hapa, ivuke bahari, halafu huko ilikokwenda iwe nusu ya bei ya hapa?"

"Mjomba, hapa inatoka ikiwa jiwe tu. Kukatwa hukatwa nje. Ikirudi inarudi pete, ina ushuru, ina kodi..."

"Sikutaka hotuba. Naona mambo mawili. Ama hiki ni kioo, umekuja kumvisha mpwa wangu kioo. Ama ni almasi kweli, na fundi katoka nayo karakana ya tajiri wake bila kuaga."

Mwamina alivuta mtandio ukamfunika nusu ya uso.

"Twende Dar es Salaam kesho, mjomba," Ashraf alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mimi na wewe. Kuna watu wana kipimo cha almasi. Ikionekana kioo, au ikionekana ya wizi, nifungeni."

"Mimi nina mikorosho ya kupalilia. Sina muda wa kufuata mazingaombwe."

Ndipo Ashraf alipogeuka. Alimtazama Kulthumu pale mkekani mbele ya watu wote.

"Kulu. Wewe unasemaje?"

Kulthumu alitazama kitambaa kilichofunika sinia la katikati. Kilikuwa na maua ya njano. Alikitazama akisubiri mdomo wake ufunguke, na alikuwa bado anakitazama aliposikia viti vikisogezwa, na viatu vya Ashraf vikitoka nje.

Jioni ile ilikuja meseji. "Kulu, kwenye ile kadi kuna namba. Namba hiyohiyo imeandikwa kwa leza kwenye ubavu wa jiwe, kwa macho matupu huioni. Ingia kwenye tovuti iliyoandikwa chini ya kadi, weka namba, utasoma kila kitu kuhusu jiwe hilo. Usinijibu mpaka uwe umeangalia."

Kadi alikuwa nayo, ile picha ya tatu. Simu alikuwa nayo. Hakuangalia, na kwa kuwa hakuangalia, hakujibu. Baada ya siku chache alisikia Ashraf amesharudi Dubai.

Ikapita miaka. Mwezi uliopita ndipo alipompeleka mama yake Dar es Salaam kutibiwa jicho. Siku ya pili, mama akiwa amelala wodini, Kulthumu alitoka kutafuta chakula, na miguu yake ikampeleka mtaa wa masonara. Aliingia duka moja lenye kiyoyozi. Muuzaji, mama wa makamo aliyejitambulisha kwa jina la Catherine, alimwonyesha pete iliyofanana kabisa na ile.

"Milioni nne na laki tatu, dada yangu."

"Dubai si wanauza nusu ya hiyo?" Kulthumu aliuliza.

Catherine hakukasirika. "Swali hilo naulizwa kila wiki. Jiwe lenyewe, likiwa la daraja moja, bei yake haiachani sana popote, maana linauzwa kwa dola. Kinachoachana ni kile kilicholizunguka. Hii yangu imelipiwa ushuru wa forodha, imelipiwa VAT, imelipiwa bima ya safari, halafu inakaa kabatini mwaka mzima huku mimi nalipa pango na mlinzi. Dubai maduka yamepangana mlango kwa mlango, ukizidisha kidogo mteja anahamia kwa jirani. Na kodi zao ndogo."

"Lakini si tunachimba wenyewe?"

"Tunachimba, hatukati. Jiwe likishakwenda kukatwa huko nje, likirudi hapa linarudi kama mgeni, na linalipa kama mgeni. Halafu kuna la kuangalia zaidi. Dhahabu yake ni karati ngapi? Jiwe limetoka ardhini au limetengenezwa maabara? Yote mawili ni almasi, yote yanang'aa, bei ni mbingu na ardhi."

"Na kama fundi kanunua jiwe kwa jumla, pete akaitengeneza mwenyewe?"

"Basi kakwepa gharama ya ufundi na faida ya mwenye duka. Huyo hata akipata kwa chini ya nusu ya bei yangu, simshangai."

Kulthumu akatoa simu. Akarudi nyuma kwenye picha, nyuma zaidi, mpaka akaifikia kadi. Catherine alivaa miwani, akaandika ile namba kwenye kompyuta yake, akasubiri, kisha akaigeuza ili Kulthumu naye asome.

"Hii hapa. Almasi ya asili, imetoka ardhini, uzito wake unapungua kidogo nusu karati, na leza yake ubavuni. Aliyekupa hii hakukudanganya, dada. Unayo?"

"Sina," Kulthumu alisema.

Kazi yote ilikuwa imechukua dakika mbili.

Sasa, ameketi kwenye benchi la kibanda cha Ruangwa, alimweleza Ashraf habari ya duka lile, ya Catherine, ya ile namba. Alieleza haraka, macho yake yakiwa kwenye vidole vyake mwenyewe. Alipofika mwisho akasema, "Ilikuwa ya kweli."

"Najua, Kulthumu. Mimi ndiye niliyeinunua."

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Kwa lipi?"

Hakuuliza kwa ukali. Alikuwa anataka kujua.

"Kwa kutokukuamini."

Ashraf alikunja kile kitambaa mara mbili, akakiweka mezani. "Hapo ndipo ninapokwama. Nilikwambia mimi, kwa mdomo wangu, haikutosha. Nikakutumia namba, haikutosha. Amekwambia mama wa dukani asiyenijua hata kwa sura, umepanda gari umekuja. Sasa hiyo radhi ni yangu au ni ya huyo mama?"

Nje kundi la vijana lilipita likiimba. Kulthumu alisubiri sauti zao zififie. Katika yote aliyoyapanga njiani, hakuwa amepanga kusema alichokisema sasa.

"Siyo kwamba sikukuamini."

"Bali?"

"Nilikuamini. Siku ileile, pale mkekani. Nilijua huwezi kuiba, na nilijua huwezi kuniletea kioo."

Ashraf alimkazia macho. "Basi kwa nini hukuangalia ile namba?"

"Niliogopa kuikuta ni ya kweli."

"Sijakuelewa."

"Ingekuwa kioo ningelia, basi. Mjomba angekuwa kasema kweli, na mimi ningebaki mtoto wake kama kawaida. Lakini ikiwa almasi, ningelazimika kusimama mbele yake nimwambie amekosea, amemwita mtu mwizi naye si mwizi. Yule mtu kanisomesha, Ashraf. Kila nilipofungua mdomo niliziona zile korosho alizoziuza. Sikuwa na kifua hicho. Nikaona bora nisijue."

Ashraf aliinuka akaenda kusimama mlangoni, mgongo kwake. Mabega yake yalikuwa yamejaa tangu zamani. Kulthumu alikumbuka jioni moja alipoegemea bega la kushoto, wakisubiri gari la Mkotokuyana, na jinsi alivyoomba moyoni gari lisije.

"Miaka miwili," Ashraf alisema bila kugeuka, "nimekaa nikiamini kwamba unaniona mwizi. Nilikuwa napachika mawe ya watu huku nafikiri mwenye karakana naye ananitazama. Mwisho nikaacha kazi nikarudi nyumbani. Kumbe ulijua."

"Nilijua."

"Sijui lipi zito zaidi."

Kulthumu alitaka kumshika. Mkono wake ulifika nusu ya njia, akaurudisha mapajani. Wakati huo kivuli kikaingia mlangoni. Mwamina alikuwa amekuja na chakula cha mwanawe, hotipoti mkononi, khanga begani. Alimtazama mgeni, akamtambua, akaiweka hotipoti mezani taratibu.

Kulthumu alishuka kwenye benchi akapiga magoti. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Inuka, sakafu hiyo ina vipande vya waya." Alivuta pumzi. "Umekula?"

"Nimeshiba, mama."

"Hujashiba, umetoka Nachingwea asubuhi." Alifungua hotipoti, akapakua wali na kisamvu kwenye kifuniko, akamsogezea. Kulthumu alikishika kifuniko kile na kukiangalia. Mwamina akakaa kwenye benchi kando yake.

"Sitaki kukusema, mwanangu," alianza. "Umekuja kwa miguu yako, na mgeni hasemwi. Ila nikwambie hili moja, kwa sababu sijawahi kumwambia mtu. Siku ile tuliporudi Namungo na masinia yetu, majirani walikuwa wamejaa barazani kwangu wanasubiri vigelegele. Watoto wameshavaa. Nikashuka kwenye gari nikawaambia kule wamepatwa na msiba, mambo yamesogezwa. Wakaniuliza nani kafariki. Nikawatajia bibi yako. Nilimuua mtu mzima kwa mdomo wangu ili nisitamke kwamba mwanangu kaitwa mwizi."

Machozi ya Kulthumu yalidondokea kwenye wali.

"Nisamehe, mama."

"Nilishakusamehe. Ningebaki nalo presha ingenimaliza." Mwamina alimgusa goti, mguso mfupi, kisha akainuka. "Ashraf, usichelewe kufunga. Wajomba zake Amna wanafika alasiri, nao hawajali mpira."

Alipotoka, kibanda kilikuwa kidogo kuliko mwanzo.

"Amna," Kulthumu alisema.

"Tunaoana baada ya mavuno ya ufuta. Ni wa Namungo, anashona. Habari zako anazijua, nimemwambia yote."

"Ni mzuri?"

"Ni mtu mwema."

Kulthumu alikubali kwa kichwa. Akaweka kifuniko cha chakula mezani, karibu na mashine ndogo yenye gurudumu la kitambaa. Kwa kutafuta neno lolote la kusema, aliuliza, "Na ile pete?"

"Niliirudisha Dubai nikaiuza. Dhahabu niliiyeyusha, jiwe nikampelekea aliyeniuzia. Almasi ukishainunua, siku ya kuiuza unapewa nusu, na hapo una bahati. Bei ya kuingia na bei ya kutoka ni kama nchi mbili." Aligonga mashine ile kwa kidole. "Kilichopatikana ndiyo hii. Ya kung'arishia."

Kulthumu aliitazama. Ilikuwa na rangi ya kijani iliyoanza kubanduka, na waya wake umezungushiwa utepe mweusi.

"Inafanya kazi vizuri?"

"Vizuri sana. Haijanisumbua hata siku moja."

Walitazamana. Safari hii hakuna aliyeangalia pembeni, na kwa muda mfupi sana uso wa Ashraf ukawa ule wa kwenye simu, uso wa miaka mitatu ya kichuguu. Kulthumu aliona kwamba bado upo. Akaona pia kwamba Ashraf mwenyewe ameshakubali kuuacha.

"Ulisikia niliondoka lini?" Ashraf aliuliza ghafla.

"Baada ya siku chache tu. Nilisikia umeondoka."

"Nilibadilisha tiketi mara mbili. Mwajiri akaniambia nikizidisha siku moja nisirudi. Siku kumi na tisa nilikaa Namungo nikisubiri unijibu. Ya kumi na tisa nilikuja mpaka Nachingwea, nikakaa ng'ambo ya barabara ya kwenu, kwenye duka la simu. Nikakuona umetoka kuchota maji. Nikasema akigeuka huku, naenda. Ukajitwika ndoo ukaingia ndani."

Kulthumu alijaribu kuikumbuka siku hiyo na hakuweza. Ilikuwa siku kama nyingine, ndoo kama nyingine. Hilo lilimuuma kuliko yote aliyoambiwa mchana ule.

Ashraf alichukua kufuli. Alimsindikiza mpaka kwenye magari ya Nachingwea, hatua moja mbele yake, akimpitisha kwenye kundi la mashabiki. Alimlipia nauli dirishani kabla hajaweza kukataa.

"Nisalimie mama," alisema. "Mwambie nimefurahi kwa jicho lake."

"Ashraf."

"Naam."

"Uwe na ndoa njema."

"Amina, Kulu," alisema, na mara moja akageuka akapotea katikati ya mashabiki, kama mtu aliyetamka neno ambalo hakukusudia.

Kulthumu alifika Nachingwea jua likiwa bado juu. Hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Mjomba Huzaifa, akamkuta uani ameifungua mashine ya kupulizia mikorosho, vipande vyake vimetandazwa juu ya gunia, mikono imejaa grisi. Mama yake Kulthumu alikuwa kando akichagua mchele, akijivunia kuona kila kokoto.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umetoka wapi na vumbi hilo?"

"Ruangwa. Kwa Ashraf."

Bisibisi ilisimama. Mama aliacha kuchagua mchele.

Kulthumu hakuketi. Aliogopa kwamba akiketi hatasema. "Mjomba, ile pete ilikuwa almasi ya kweli. Namba yake imeangaliwa Dar es Salaam, ipo. Hakuiba. Ilikuwa na bei ndogo kwa sababu aliitengeneza mwenyewe, na kwa sababu kule hakuna ushuru kama wa kwetu wala gharama za maduka ya kwetu. Rafiki yako alikutajia bei ya duka lake, akasema kweli. Ashraf naye alitaja bei aliyolipa, akasema kweli. Wote wawili walisema kweli, na sisi tukamfukuza mmoja."

Mjomba alimwacha amalize. Alichukua kitambaa, akafuta grisi kwenye kidole gumba, ikagoma kutoka.

"Nimekusikia," alisema. "Sasa unataka nifanye nini? Jambo limeshapita."

"Sitaki ufanye kitu. Nilitakiwa kusema siku ile, nikanyamaza. Nimesema leo."

Mama aliuzungusha mchele kwenye ungo bila kuuangalia. Mjomba Huzaifa aliinamia vile vipande vya mashine kana kwamba amesahau vinavyounganishwa. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya mtu mzee kuliko alivyokuwa.

"Mwaka jana nilikutana naye Ruangwa, kwenye mnada wa ufuta. Aliniamkia. Shikamoo mjomba, mbele za watu, na mkono kaunyoosha. Nikampita. Nikajisemea, mwizi kajipendekeza." Aliweka bisibisi chini. "Hakuwa na sababu ya kuniamkia yule kijana."

"Hakuwa nayo."

"Ameoa?"

"Anaoa baada ya mavuno."

Mjomba alikubali kwa kichwa, mara nyingi, polepole. "Ukoo wa watu kutoka sebuleni kwangu na masinia yao," alisema, kama anajiambia mwenyewe. Kisha akainua macho. "Jumatatu nakwenda. Kwa mama yake kwanza, halafu kwake. Hata wakinifukuza, ni haki yao. Twende wote, mpwa wangu. Nikiwa na wewe nitapata pa kuanzia."

Kulthumu alivua mkoba begani akauweka chini. Akaketi kando ya mama yake, akavuta sehemu ya mchele upande wake, akaanza kuchagua.

"Nenda wewe, mjomba," alisema. "Mimi nimeshakwenda."